Maswali ya watu wa Kusini kuhusu AI: kazi zetu, hela zetu na nani wa kumwamini mtandaoni

Haya maswali yanarudi kila siku huku kusini mwa Tanzania, iwe Mtwara mjini, Masasi, Newala, Lindi au Nachingwea, kijiweni kwa boda, kwa wakala wa pesa, ofisini AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) watu wakisubiri mnada wa korosho. Ya juu mepesi, ya chini magumu kidogo. Kuna jambo moja nalirudia humu makusudi: huku kwetu kazi nyingi zinatembea kwa kuaminiana, mtu anakupa mzigo kwa sababu anakujua, kwahiyo AI ikivunja kuaminiana imevunja na kazi hata kama hakuna aliyefukuzwa.

## Mambo ya mwanzo

AI ni kitu gani hasa?

Ni programu za kompyuta zilizolishwa maandishi, picha na sauti nyingi mno mpaka zikashika mtindo wake, yaani neno gani huwa linafuata neno gani, uso wa mtu unakaaje, sauti inapandaje na kushukaje. Ukiiuliza kitu inatunga jibu palepale kwa kufuata ule mtindo. Kelele zimekuwa kubwa tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 lakini AI ilikuwepo kabla, hata ile inayokupangia video gani ikufuatie ukiwa TikTok ni AI. Wengine wanaita akili mnemba, wengine akili unde, humu nimeacha AI maana ndo inavyosemwa mtaani.

Inajua Kiswahili? Na Kimakonde je?

Kiswahili inaandika na kuongea vizuri tu saivi. Kimakonde, Kiyao, Kimakua, Kimwera bado inababaisha sana kwa sababu maandishi ya lugha hizo mtandaoni ni machache, haina cha kujifunzia. Ni hasara kwa bibi yangu anayetaka kuuliza kitu kwa lugha yake, ila kuna mahali inatusaidia, angalia swali la voisi ya mjomba huko chini.

Mbona inajibu kwa kujiamini alafu inakosea?

Kwa sababu kazi yake ni kutunga maneno yanayofanana na jibu, haina mtu ndani anayejua ukweli. Marekani mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani kesi walizopewa na ChatGPT, jaji akazitafuta hazipo, hazijawahi kuwepo, wakapigwa faini ya dola 5,000. Mwaka 2024 huko Canada chatboti ya shirika la ndege la Air Canada ilimpa abiria maelezo ya uongo kuhusu nafuu ya nauli ya kwenda msibani, shirika likajitetea eti chatboti inajitegemea kwa inachosema, baraza likakataa na likaambiwa limlipe.

Sasa chukua hiyo uilete shambani. Mtu anaiuliza kipimo cha salfa kwa mkorosho wenye ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, anapewa namba safi kabisa na maelezo marefu, na inawezekana namba yenyewe imetungwa. Vipimo vya dawa za shamba na dawa za binadamu usichukue humo. Soma karatasi ya dawa, muulize bwana shamba, na utafiti wa korosho nchi hii unafanyika hapohapo Mtwara, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele.

## Kazi

Mkulima wa korosho atakosa kazi kwa sababu ya AI?

Kwa kuokota, kupalilia, kupulizia na kubeba magunia, hapana, AI haina mikono. Kinachobadilika ni kile kinachozunguka korosho. Minada kuanzia msimu wa 2024/2025 inapita kwenye mfumo wa kompyuta wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania, hela zinaingia benki, taarifa zinapita WhatsApp. Yaani korosho yenyewe bado ni ya mkono lakini habari ya korosho imeshakuwa ya simu, na AI inaingilia kwenye habari. Mtu wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa magendo nje ya mnada, akitaka kukununulia kwa bei ya kutupa siku hizi hana haja ya kuja kukubembeleza, anaweza kutengeneza tangazo feki kwamba bei imeanguka akalitupa kwenye grupu la kijiji, wewe mwenyewe kwa hofu ukamtafuta yeye.

Kazi zipi zinaguswa kwanza hapa kwetu?

Zile za maneno na karatasi. Shirika la Kazi Duniani (ILO) mwaka 2023 liliona kazi za ukarani ndo zimekaa pabaya kuliko zote, karibu robo ya shughuli zake ziko wazi sana kufanywa na AI, na kwa kuwa ukarani una wanawake wengi wao ndo wanaguswa zaidi. Ripoti hiyohiyo inasema nchi tajiri ajira kama asilimia 5.5 zinaweza kuchukuliwa moja kwa moja, nchi maskini ni asilimia 0.4 tu. Hiyo 0.4 watu wanaisoma kama habari njema, mimi siioni hivo kabisa, maana kwetu hizo kazi chache za ofisini ndo mtoto wa mkulima alizosomeshewa kwa hela ya korosho, zikipungua ngazi imekatwa.

Ukitembea mjini unaziona. Dada wa stesheneri anayeandika barua za kuomba kazi na kupanga CV kwa elfu mbili tatu, kijana anayetengeneza mabango ya harusi na ya duka, anayetafsiri maelezo ya wageni wanaokwenda Mikindani na Kilwa, anayejibu simu za wateja, anayerekodi matangazo kwa sauti yake. Hawa wote mteja wao anaweza kufanya mwenyewe kwa bando la siku. Lakini angalia nani anabaki na wateja: dada wa stesheneri anayejua barua ya halmashauri inataka nini, anayesoma kabla ya kuprinti, anayekwambia hapa umekosea tarehe. Watu wanamlipa kwa sababu anasimamia alichotoa.

Nasikia mamilioni ya ajira zitakufa, nimsikilize nani?

Namba ni nyingi na zinapimwa tofauti. Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) Januari 2024 walisema asilimia 40 ya ajira duniani zitaguswa, nchi tajiri 60, nchi za kipato cha chini 26. Kuguswa hapo wanamaanisha AI inaingia kwenye kazi hiyo, inaweza kukusaidia au kukuondoa. World Economic Forum mwaka 2025 wakakadiria kufikia 2030 ajira milioni 92 zitaondoka na milioni 170 mpya zitakuja. Shida yangu na hesabu ya namna hiyo ni kwamba anayepoteza na anayepata siyo mtu mmoja, aliyeachishwa Lindi hafarijiki kwa ajira iliyozaliwa Singapore.

Na makampuni yenyewe yanakwenda mbele yanarudi nyuma. Klarna ya Sweden mwaka 2024 ilitangaza kwamba AI yake inafanya kazi ya wahudumu 700, mwaka uliofuata bosi wao akasema ubora ulishuka na wakaanza tena kutafuta watu. Ukisikia mtu anasema kwa uhakika mia kwa mia nini kitatokea, anakuuzia kitu.

Mwanangu yuko fomu foo, asome nini?

Hili linaulizwa na wazazi kuliko lolote. Ushauri wangu, chukua kazi yenye mikono na akili pamoja, ufundi umeme, mabomba, magari, majokofu, ushonaji, uuguzi, VETA zipo Mtwara na Lindi, alafu juu ya hiyo kazi ajue kutumia AI kama msaidizi: kuandika makisio ya gharama, kutafuta hitilafu, kusoma kitabu cha mashine kilichoandikwa Kichina. Fundi anayeweza kuingia juu ya dari ya mtu na pia akaandika risiti inayoeleweka hana wa kumgusa karibuni.

Anayependa kompyuta asome, asikatishwe tamaa na maneno ya vijiweni, ila asiishie kujua kubonyeza. Na Kiingereza, hesabu na uandishi bado vinahitajika sana tu. Mtoto asiyejua kuandika barua hawezi kujua AI imemwandikia barua mbovu.

Kazi za "kufundisha AI" mtandaoni zipo kweli au ni utapeli?

Zipo. Watu wanalipwa kuweka alama kwenye picha, kusikiliza sauti, kusahihisha majibu, na Kiswahili kinatafutwa. Lakini usizione ni mbingu. Jarida la Time Januari 2023 liliandika kuhusu wafanyakazi wa Kenya waliokuwa wanachuja maandishi machafu kabisa, ya ubakaji na mauaji, ili ChatGPT isitoe mambo hayo, malipo yao yalikuwa chini ya dola 2 kwa saa na wengine wakaumia akili. Kabla hujakubali jua utaonyeshwa nini, unalipwa kwa saa au kwa kipande, na nani wa kumlalamikia.

Alafu kuna ile nyingine, unaambiwa ulaiki video upate hela, siku ya kwanza unalipwa kweli, siku ya pili unaambiwa weka elfu hamsini upande daraja. Hiyo siyo kazi. Kazi haimlipishi mfanyakazi. Sheria hiyohiyo tumia kwenye matangazo ya ajira serikalini: maombi yanapita mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, hakuna "ada ya fomu" ya kutuma kwa namba ya mtu, hata kama tangazo lina nembo na sahihi nzuri, nembo na sahihi AI inachora.

Kuna faida yoyote kwa mkulima?

Ipo moja naipenda sana, inaitwa Nuru, apu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State ikishirikiana na FAO na IITA. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo inakwambia kama ni batobato au michirizi kahawia, inaongea Kiswahili, na ikishakaa kwenye simu inafanya kazi bila intaneti. Kwa mtu wa Tandahimba au Liwale ambaye bwana shamba wake anahudumia vijiji vingi, hiyo ni msaada wa kweli.

Wachonga vinyago nao?

Kuchonga mpingo AI haiwezi, ila inatoa picha za vinyago "vya Kimakonde" ambavyo havipo, na mnunuzi wa mbali anachagua kwa picha. Mchongaji arekodi video akiwa anachonga, mikono yake na patasi vionekane, na amtumie mteja ya kinyago chake kilekile kikigeuzwa pande zote.

## Kuaminiana

Voisi ya mjomba inaomba hela, sauti ni yake kabisa. Inawezekana siyo yeye?

Inawezekana, na nataka hili lisomwe na kila nyumba. Januari 2023 Microsoft walionyesha mfumo unaoiga sauti ya mtu kwa sampuli ya sekunde tatu. Sekunde tatu ni "halo, nani mwenzangu, sikusikii". Hong Kong mwaka 2024 ikajulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya Arup alitoa kama dola milioni 25 baada ya kikao cha video, aliwaona mabosi wake wanaongea, wote feki.

Kwetu hatari ni kubwa kwa sababu ya heshima. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, mjomba ana neno kwenye ukoo, akisema tuma unatuma, kumhoji ni utovu wa adabu. Ile meseji ya zamani ya "ile hela tuma kwenye namba hii" watu wameshaizoea wanaifuta, lakini ikija na sauti ya mjomba anakohoa, anasema yuko hospitali ya Ligula amelazwa na simu yake imezima anatumia ya nesi, nani atakataa? Na wanajua msimu, korosho zikilipwa ndo wanaanza.

Fanya hivi. Kata, alafu mpigie wewe kwa namba yake unayoijua. Hapatikani, mpigie shangazi au jirani yake. Kama haraka imezidi, uliza kitu cha nyumbani ambacho hakijawahi kupostiwa, yule mbuzi tuliyemchinja kwenye msiba wa bibi alitoka kwa nani. Na hapa ndo lugha inasaidia, muulize kwa Kimakonde cha ndani, cha wazee, usikie anajibuje, ingawa usitegemee hiyo peke yake maana tapeli naye anaweza kuwa Mmakonde. Kaeni kikao cha ukoo mkubaliane mapema kwamba kupiga simu ya kuhakikisha siyo dharau, na mjomba mwenyewe ndo alitamke, maana likitoka kwa mtoto halitashikwa.

Nimeona video ya kiongozi anatangaza bei ya korosho, niamini?

Usiangalie video, angalia imetoka wapi. Bei ya mnada inatoka kwa chama kikuu cha ushirika, TANECU, MAMCU, RUNALI, Lindi Mwambao, na Bodi ya Korosho, na AMCOS yako inaipata. Mnada wa kwanza wa 2024/2025 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, watu wengi walidhani ni uongo na ilikuwa kweli, kwahiyo kushangaza siyo kipimo. Mkulima aliyeuza kwa hofu hawezi kurudishiwa magunia yake, ndo maana nasema subiri saa mbili, piga simu kwa katibu wa AMCOS, alafu amua.

Naijuaje picha au video feki kwa macho?

Zamani kidogo tulikuwa tunahesabu vidole. Machi 2023 picha ya Papa Francis kavaa koti kubwa jeupe la baridi ilidanganya dunia nzima na ukiikuza mkono ulikuwa umeharibika. Saivi vidole vinatoka vitano sawasawa, kwahiyo anayejiamini kwa macho yake yuko hatarini kuliko anayejua hawezi. Unaweza kutafuta picha kinyumenyume kwenye Google uone ilitokea wapi mwanzo, mara nyingi utakuta hata siyo AI, ni picha ya kweli ya nchi nyingine miaka iliyopita. Maandishi ya nyuma, mabango ya maduka, namba za magari, vinasaidia kujua kama kweli ni Mtwara. Zaidi ya hapo rudi kwenye jibu la bei ya korosho, chanzo kwanza.

Kimbunga kikija?

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Kusini ilikatika upande wa Kilwa, na wiki iliyofuata nyaya za baharini zikaharibika intaneti ikasumbua nchi nzima. Kipindi hicho hicho ndo picha za ajabu zinatembea sana. Taarifa za kimbunga sikiliza TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) na redio, weka redio ya betri nyumbani. Na kama uko ufukweni na umeambiwa uhame, hama kwanza, mabishano ya picha baadae.

Si bora tuache kuamini kila kitu tu?

Hapana, na hili linanisumbua kuliko feki zenyewe. Watu wakishasema vyote ni AI, mwizi akirekodiwa anachakachua mizani atasema hiyo video ni AI, na ataaminiwa. Binti akileta voisi ya mtu anayemtishia ataambiwa katengeneza. Anayefaidi ukungu huo ni mwenye makosa na mwenye nguvu. Kwahiyo ukirekodi jambo la kweli lilinde: usikate, tunza faili la mwanzo kwenye simu iliyorekodi, andika siku na mahali, tafuta shahidi wa pili, mpe mtu mwingine nakala mapema.

## Sheria na yakishatokea

Nimeshatuma hela, nifanyeje?

Dakika za mwanzo ndo zenye thamani. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uombe muamala uzuiwe, usimpigie tapeli kumtukana kwanza maana unampa muda wa kutoa. Meseji ya utapeli iforwadi kwenda 15040, ni bure. Nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao) ukiwa na skrinshoti na namba ya muamala. Piga pia *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, kuna watu wanatumiwa majina yao kwa utapeli bila kujua. Na usione aibu kuwaambia wengine kwenye grupu, ukinyamaza wa pili anatapeliwa kwa sauti ileile.

Picha ya binti yangu imegeuzwa ya uchi na mtu anadai hela.

Msilipe, akilipwa anarudi. Msifute chochote, pigeni skrinshoti za meseji, jina la akaunti na namba, kisha polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Kama aliye kwenye picha ametimiza miaka 18, StopNCII.org inatengeneza alama ya picha hiyo bila picha kutoka kwenye simu, mitandao iliyojiunga nayo inaizuia. Na mzazi, tafadhali, binti asipigwe wala kusemwa, hajafanya kitu, picha siyo yake.

Nikiforwadi kitu feki nakamatwa?

Kifungu cha 16 cha sheria hiyo ya 2015 kinamlenga anayechapisha akijua ni uongo na kwa nia ya kudanganya au kuchafua, faini ni kuanzia milioni 5 au kifungo kuanzia miaka 3 au vyote. Kujitetea kwamba hukujua ni kazi mbele ya polisi, kwahiyo kabla ya kubonyeza jiulize ungeweza kusema imetoka wapi. Maadmini wa magrupu, futeni mapema na muandike kwanini mmefuta.

## Maswali ya pembeni

Mwalimu anasema insha ya mwanangu imeandikwa na AI, programu imegundua.

Hizo programu za kugundua zinakosea. OpenAI wenyewe walitoa ya kwao wakaiondoa Julai 2023 kwa sababu ilikuwa haina usahihi. Muombe mwalimu kwa heshima amuulize mtoto maswali ya ile insha ana kwa ana, dakika kumi zinatosha kujua.

Nauza samaki na pweza kwa WhatsApp, nikitumia AI kutengeneza tangazo nakosea?

Maandishi na rangi, tumia. Picha ya bidhaa iwe ya samaki wako wa leo. Mteja wa Dodoma aliyeonyeshwa changu wa kuchorwa akapokea changu wa kawaida hatarudi, na atamwambia na mwenzake kwamba watu wa Kusini ndo walivyo.

Mama yangu ana kitochi tu, haya yanamhusu?

Yanamhusu sana. Anapigiwa simu, sauti ya kuigwa inaingia kwenye kitochi kama kawaida, na yeye hana pa kutafuta ukweli. Mwandikieni kwenye karatasi kubwa namba tatu za watu wa kupigia kabla hajatoa hela, ibandikeni ukutani karibu na anapochajia, na mwambieni wakala wake wa jirani kwamba mama akija kutuma kiasi kikubwa kwa namba mpya ampigie mmoja wenu kwanza.